Ndege Hawamo Katika Mkataba

Mtu anywaye bia aghalabu hajui imetoka wapi, wala haoni haja ya kujua. Akiulizwa atataja baa, au akizidi sana atataja kiwanda. Shamba halimjii akilini. Huko Ulaya mambo ni tofauti kidogo, kwani wapika bia wana desturi ya kuyazuru mashamba wakati wa mavuno, hasa mashamba ya hopsi. Hopsi ni mmea utambaao juu ya nguzo na nyaya hadi kimo cha mita sita na zaidi. Maua yake ya kike, yafananayo na matunda madogo ya msonobari, ndiyo huipa bia uchungu wake na kuikinga isiharibike upesi. Ifikapo Septemba, wapika bia huenda Hallertau katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, wakayaponda maua hayo viganjani, wakayanusa, ndipo wakaamua wanunue ya nani.

Hapa kwetu mmea huo haustawi. Hutaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, zenye mwanga wa saa kumi na tano au zaidi, ndipo ukue na kuchanua inavyotakiwa. Homa Bay iko kiasi cha nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na Migori digrii moja hivi. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, iwe Januari iwe Julai. Ndiyo sababu viwanda vya bia vya Kenya, tangu ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walipoanzisha Kenya Breweries mwaka 1922, vimeitegemea hopsi ya ng'ambo. (George aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la ndovu yule mwenye pembe, Tusker. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya historia ya bia ambayo wanafunzi hawaisahau.) Basi mpika bia wa Kenya atakaye kuyaona mavuno yake kwa macho hana budi kuliendea shamba la nafaka, na kusini mwa Nyanza nafaka hiyo ni mtama.

Mwezi wa Julai nilipata fursa ya kufuatana na mmoja wao. Ni rafiki yangu wa tangu chuoni, aliyejifunza kazi hiyo Ujerumani, na kampuni yake sitaitaja kwa kuwa hayo nitakayoyasema hayaihusu kampuni moja. Tulianzia Rodi Kopany, tukapita Ndhiwa penye mashamba ya miwa, tukateremkia Nyatike katika kaunti ya Migori, ambako ardhi ni kavu zaidi na upepo wa ziwa huvuma mchana kutwa. Alikuwa na kipima unyevu kidogo mfano wa kikombe, na kila tulipofika alijaza punje, akasubiri, akasoma. Zaidi ya asilimia 13 na kitu hivi, alitikisa kichwa, kwani mtama mbichi huota ukungu ghalani.

Najua wako walimu watakaouliza kwa nini safu hii ishughulike na pombe, ilhali madarasa yetu yamejaa watoto ambao pombe imewaharibia baba zao. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba nilikwenda kutazama bia, nikakuta nimetazama shule.

Kwanza tuuelewe mtama wenyewe. Huu si mgeni aliyeletwa na kiwanda. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi wa vigae vya vyungu kutoka mashariki mwa Sudan, vyenye alama za punje za mtama uliokuwa umeanza kufugwa na binadamu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kutoka upande huohuo wa bara letu walishuka wazee wa Waluo, na mtama, yaani bel, umekuwa chakula chao kwa karne nyingi: ugali wake, uji wake, na ile pombe iliyonywewa na wazee kwa mirija mirefu, oseke, wakiwa wameketi kuzunguka mtungi. Mahindi ndiyo mgeni. Yalipoenea katika enzi ya ukoloni yaliusukuma mtama pembeni, hata vijana wakaanza kuuona kuwa ni chakula cha maskini.

Kiwanda kiliurudisha kwa mlango mwingine. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa sumu. Mwaka 2004 ikazinduliwa bia ya pipa, Senator, iliyosamehewa ushuru ili iwe rahisi na imwondoe maskini katika hatari hiyo. Baadaye mtama ukawa nguzo ya bia hiyo. Mbegu iliyopendekezwa ni Gadam, mtama mfupi, mweupe, wenye asili ya Sudan, ukomaao katika muda wa miezi mitatu hivi. Kiwanda cha Kisumu kilipofufuliwa mwaka 2019, kwa mradi uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 15, mkulima wa Homa Bay na wa Migori aliambiwa kwamba soko sasa limemfuata mlangoni. Si maneno matupu. Nimeona nyumba za mabati zilizojengwa kwa mtama, na nimeona risiti za karo.

Katika kijiji kimoja cha Nyatike tulimkuta bibi mwenye umri upatao miaka sabini akipura masuke juu ya turubai. Rafiki yangu alimwamkia kwa adabu akimwita dani, yaani nyanya, naye akamwita nyakwara, mjukuu wangu. Shamba lake lilikuwa na sehemu mbili. Upande wa barabara ulikuwa mtama mweupe, mfupi, uliopandwa kwa mistari iliyonyooka. Nyuma ya nyumba ulikuwa mtama mrefu, mwekundu wa kahawia, wa aina ya kienyeji iitwayo ochuti, uliopandwa ovyo ovyo kama uliojiotea.

"Dani, mbona huu mwekundu huuzi?" rafiki yangu aliuliza.

"Nyakwara, nyinyi ndio mliokataa kuununua."

"Basi kwa nini unaupanda?"

"Kwa sababu huu hujilinda wenyewe. Ule wenu tunaulinda sisi."

Rafiki yangu alicheka, lakini alikuwa ameelewa, na njiani alinieleza. Mtama mwekundu wa aina ile una tanini nyingi katika ganda la punje, ile dutu ikaushayo ulimi, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Tanini ndiyo silaha ya mmea. Ndege akionja hukunja uso, kama ndege wangekuwa na uso wa kukunja, akaenda kwingine. Lakini dutu hiyohiyo humkera mpika bia. Kupika bia ni kuugeuza wanga kuwa sukari kwa msaada wa vimeng'enya, kisha hamira iigeuze sukari kuwa kileo. Tanini huvishika vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi. Tena wanga wa mtama ni mkaidi hata bila tanini, kwani huhitaji joto la kupita nyuzi 70 kabla haujalainika, ilhali ule wa shayiri huridhika na 60 na kitu. Ndipo kiwanda kikachagua mtama mweupe, usio na tanini, uliovuliwa silaha yake.

Hapo ndipo palipo kiini cha neno langu. Kazi ya kumfukuza ndege, iliyokuwa ya mmea, ilihamishwa. Haikuhamia kiwandani. Ilihamia kwa wajukuu wa yule bibi.

Kiswahili kina neno zuri, kuamia, maana yake ni kulinda mazao yasiliwe na ndege, na kina neno dungu, jukwaa la miti analosimama mlinzi. Wanafunzi wengi wa leo hawayajui maneno hayo. Watoto wa Nyatike huenda hawayajui kwa Kiswahili, lakini wanaijua kazi yenyewe. Dungu nililoliona lilikuwa na kimo cha kupita kichwa changu, na juu yake palikuwa na mvulana wa miaka kumi na mmoja hivi, mwenye kombeo mkononi na lundo la udongo mkavu miguuni. Dada yake mdogo alikuwa upande wa pili wa shamba na kipande cha bati na kijiti. Walikuwa wamebakiza kipande cha mwisho ambacho hakijavunwa. Waliniambia kwamba ndege huja alfajiri na huja tena jioni, na mchana wa jua kali hupumzika vichakani.

Msomaji asiyewajua kweleakwelea asidhani nazungumzia shomoro wawili watatu. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwa kadiri yao, humaliza tani 10 kutoka macheo hadi machweo. Mnamo Januari 2023, walipoyavamia mashamba ya mpunga ya kaunti jirani ya Kisumu, serikali iliwanyunyizia sumu kutoka angani, na idadi iliyotajwa ya ndege waliokusudiwa kuuawa ni milioni sita. Sumu hiyo ina hatari zake kwa mwewe, kwa samaki na kwa watu, na wanamazingira walilalamika. Lakini ndege hiyo ya serikali haiji kwa ajili ya ekari moja ya bibi. Kwa ekari moja kuna kombeo tu.

Nilimtafuta mwalimu. Shule ilikuwa umbali wa mwendo wa dakika kumi, na mwalimu wa gredi ya tano alinipokea kwa ukarimu ingawa alikuwa akisahihisha madaftari. Nilimwomba anieleze juu ya utoro. Akanisahihisha mara moja: "Hawa si watoro, bwana. Mtoro haji. Hawa wanakuja saa tatu unusu." Punje za mtama hujaa maziwa mwezi wa Juni, katikati ya muhula wa pili, na kuanzia hapo hadi zigumuke hupita wiki nne au tano. Katika wiki hizo watoto wa mtama hufika baada ya ndege kushiba au kuchoka, na huomba ruhusa kabla ndege hawajarudi. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Katika shule yake, kama katika shule nyingi, hesabu hufundishwa kipindi cha kwanza, akili zikiwa zimetulia. Kwa hiyo kila mwaka ana kikundi cha watoto wanaojua Kiswahili, wanaojua sayansi, wasiojua sehemu.

Basi na tuwape walimu wa hesabu zoezi. Watoto wawili huamia ndege saa tatu asubuhi na saa mbili jioni, kwa siku 28. Jumla ni saa 280. Gunia la mtama linapofika kwenye mizani ya mnunuzi, hupimwa uzito, hupimwa unyevu, hutazamwa mchanga na makapi. Hizo saa 280 haziwekwi popote. Mkataba ambao bibi alinionyesha, uliokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake, ulitaja mbegu, bei ya kilo, na makato ya mbegu aliyokopeshwa. Ndege hawakutajwa hata kwa herufi moja.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto yuko shuleni, na mzazi asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Ni sheria njema. Lakini naiona imemkabili mtu mmoja tu katika mlolongo mrefu, tena yule aliye dhaifu kuliko wote. Bibi wa miaka sabini hawezi kupanda dungu saa kumi na mbili alfajiri. Kuajiri kijana wa kuamia kunamla faida yote. Akiacha kuamia, havuni. Nani basi amemtoa mtoto darasani?

Jambo hili si la Waafrika peke yao, na hapa naomba turudi kidogo kwenye hopsi. Kabla mashine hazijaenea katikati ya karne iliyopita, hopsi ya jimbo la Kent, Uingereza, ilichumwa kwa mikono. Maelfu ya familia maskini za London zilihamia mashambani kila Septemba, wazee kwa watoto. George Orwell, ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa Shamba la Wanyama, alikwenda kuchuma hopsi huko Kent mwaka 1931 na akaandika juu ya malipo duni na mabanda waliyolala wachumaji. Shule za vijijini Kent zilizoea kupanga likizo zao zifuate mavuno ya hopsi, kwa kuwa kufungua mapema kulimaanisha kufundisha madawati matupu. Waingereza hawakuona haya kukiri kwamba bia yao ilikuwa na madai juu ya kalenda ya shule. Sisi kalenda yetu hupangwa Nairobi, na mtama hauisomi.

Wako watakaosema kwamba mkulima huyu hakulazimishwa, na kwamba asipoupenda mtama mweupe aache. Kwa mtu wa Migori hoja hiyo ina historia. Tumbaku nayo ilikuja na mkataba, na mbegu ya mkopo, na mnunuzi mmoja aliyejipangia daraja za majani. Ilikausha misitu na ilitia watoto kazini vilevile, na imechukua miongo mingi kabla mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali hayajaanza, mwaka 2022, kuwasaidia wakulima wa Migori kuhamia kwenye maharage. Mtama si tumbaku. Unalika, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini mnunuzi akiwa mmoja, bei ya kilo huwa ni neno lake.

Tena hata yeye hana neno la mwisho. Mwaka 2013 serikali iliupunguza ule msamaha wa ushuru wa bia ya pipa hadi nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka, na wakulima wa mtama, hasa wa mashariki mwa Kenya, wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe ya sumu katika kaunti kadhaa zikiwamo Embu na Kitui. Msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa mwaka 2015. Bibi wa Nyatike hasomi hotuba ya bajeti, lakini kila Juni, wakati wajukuu wake wakiwa juu ya dungu, hotuba hiyo ndiyo humwamulia kama mtama wanaoulinda utanunuliwa.

Nilimwuliza rafiki yangu kama hakuna njia nyingine. Alianza kwa kunieleza kwamba mapishi ya bia ni jambo nyeti, halibadilishwi kwa kupenda. Nikamkumbusha mambo anayoyajua kuliko mimi. Nchini Nigeria, serikali ilipopiga marufuku uagizaji wa kimea cha shayiri mwaka 1988, wapika bia waliolia kwamba haiwezekani kupika bila shayiri walipika kwa mtama na mahindi, na wanywaji wakanywa. Nchini Uganda, bia ya Eagle iliyoanza mwaka 2002 ilipikwa kwa mtama wa Epuripur uliotokana na kituo cha utafiti cha Serere. Senator yenyewe ni mapishi yaliyobadilishwa kwa sababu ya ushuru. Inaelekea mapishi hubadilika kila pesa inapodai, na huwa nyeti pale mtoto anapodai.

Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza habari ambayo kwangu ilikuwa na thamani kuliko safari nzima. Huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, wanawake wamepika pombe na uji kwa mtama mwekundu wenye tanini tangu zamani. Huuchanganya na maji ya majivu ya kuni, huuacha uote, kisha huukausha na kuusaga. Majivu yale huivunja nguvu tanini. Wanakemia wameuchunguza ujuzi huo na kuukubali, na wamejaribu pia kuuroweka mtama wa namna hiyo katika magadi makali yaliyozimuliwa, wakapata kimea kizuri. Yaani upo uwezekano wa kupika bia kwa mtama ambao ndege hawautaki. Unahitaji hatua moja zaidi kiwandani, maji zaidi, na gharama. Gharama hiyo ingelipwa na mtu mwenye hesabu na mhasibu.

Na ikiwa kiwanda kitaona hatua hiyo ni ghali mno, iko ya pili iliyo nyepesi: mkataba utaje ndege. Uweke malipo ya walinzi watu wazima kwa zile wiki nne au tano, kama unavyoweka bei ya mbegu. Vijana wasio na kazi Ndhiwa na Nyatike hawana idadi, na kombeo halihitaji cheti. Bei ya bilauri ya bia itapanda kwa kiasi gani? Hilo nalo ni zoezi zuri la darasani, na ningependa kuona shule za Migori na Homa Bay zikilipiga na kuwapelekea majibu wawakilishi wao wa kaunti. Walimu wanazo takwimu ambazo hakuna mwingine anazo: daftari la mahudhurio la mwezi wa Juni, likiandikwa na saa ambayo mtoto aliingia.

Tuliporudi kumuaga bibi, jua lilikuwa limeanza kushuka na watoto walikuwa wamekwisha kupanda tena dungu lao. Rafiki yangu alimwomba amuuzie debe mbili za ochuti, akajaribu mambo yake ya majivu. Bibi alimtazama, akatazama mizani iliyokuwa garini.

"Kwa bei ya ule mweupe?" aliuliza.

Rafiki yangu alisema ndiyo.

"Basi huu ni ghali zaidi," bibi akasema, "maana nilikuwa nauweka tule." Wakaanza kupatana.